Kiondo cha Mkonge na Tangazo la Saa Saba

Vijana wa ukurasa wa habari mtandaoni, mlinijia na soda baridi na ombi tamu: niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya kusoma habari na matangazo ya vifo kwenye redio yetu ndogo ya hapa Voi. Soda nimekunywa, kwa hiyo siwezi tena kukataa. Mnataka kujua jinsi ya kukaa mbele ya maikrofoni, jinsi ya kutopumua kama ng'ombe katikati ya sentensi, jinsi ya kumfanya mtu wa Mbololo aache jembe asikilize. Hayo nitawaambia. Lakini tangu mniombe nimekuwa na wasiwasi, kwa sababu siwezi kuwaeleza kazi yangu bila kuwaeleza siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo mikono hutoka jasho. Basi nivumilieni, nianze na mambo mepesi, kama mtu anayepima maji baridi kwa kidole cha mguu.

Wengi wenu mnanijua kama Mzee Barasa wa vifo. Baba yangu alitoka magharibi kuja kukata mkonge huku, akazeekea hapa, nami nikazaliwa na kulelewa humu humu. Nilisoma habari, nilisoma bei ya nyanya sokoni, nilisoma salamu za wapenzi, lakini watu walinikumbuka kwa vifo tu. Watoto wa mtaani kwetu wakisumbua, mama zao waliwatisha: "Nyamaza, ama nimpe Mzee Barasa jina lako alisome!" Wananyamaza papo hapo. Nilikuwa nikipita barabarani wazee wananiamkia upande mmoja, kama watu wanaosalimia fundi wa majeneza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Jumaa, mtu wa pwani mwenye Kiswahili kilichonyooka na hasira ya karibu. Studio yetu wakati huo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, na ukutani tulibandika trei za mayai ili mwangwi usituaibishe. Siku yangu ya kwanza nilisoma tangazo la kifo mbio mbio kama mtu anayekimbiza treni. Mwalimu Jumaa akaniambia, "Barasa, marehemu hana haraka. Ukiona mtu ana haraka ya kutangaza, huyo ndiye wa kumchunguza." Nilidhani ananifundisha kusoma polepole. Nilichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akinifundisha kazi yote.

Na yeye alikuwa amejifunza kwa kuumia. Zamani, kabla sijaja, walikuja watu wawili waliovaa nguo nyeusi, nyuso zimevimba, wakatangaza kifo cha ndugu yao wa Mata. Mwalimu Jumaa akasoma kwa sauti yake ile ya kutetemesha. Kumbe ndugu mwenyewe alikuwa mkahawani Taveta, chapati mkononi, anasikia anavyozikwa. Nduguze walikuwa na ugomvi naye wa shamba, wakaona njia fupi ni kumuua redioni kwanza. Kesho yake marehemu alifika studioni na rungu, akasimama mlangoni akauliza, "Ni nani hapa aliyeniua?" Mwalimu Jumaa alimpa chai, akamkalisha kwenye maikrofoni, akamwambia ajifufue mwenyewe. Jamaa akasema hewani, "Mimi bado niko, na lile shamba ni langu." Watu walicheka kwa wiki nzima.

Lakini kicheko kilipoisha, Mwalimu Jumaa aliweka sheria: habari kwamba mtu amekufa au yu hai haisomwi kwenye redio hii mpaka waje watu wa pande mbili, mmoja wa kuumeni na mmoja wa kukeni, wakae tukiwaona kwa macho. Upande mmoja wa familia unaweza kudanganya. Pande mbili, alisema, ni nadra kukubaliana hata kwenye ukweli, sembuse uongo. Sheria hiyo ndiyo iliyotufanya tuaminike. Mtu akisikia kifo mtaani alikuwa akisema, "Ngoja tusikie kama Barasa atakisoma." Nisiposoma, mtu huyo hajafa.

Kisha mambo yakabadilika. Mwalimu Jumaa akatutoka, na tangazo lake nililisoma mimi, polepole. Kaseti zikaisha. Tukapata meneja kijana, Fredi, mchangamfu, aliyeiingiza redio yetu kwenye mtandao. Ghafla vijana wetu walioko Uarabuni kufanya kazi wakawa wanatusikiliza kwenye simu. Walituma salamu: "Mzee Barasa, niko huku jangwani, nikisikia sauti yako nanusa udongo wa Voi." Nilifurahi, nikajiona mkubwa. Sikujiuliza swali ambalo nyinyi nawaomba mjiulize kila mnapobonyeza kile kitufe chenu cha kutuma: kama yule wa jangwani anasikia, ni nani mwingine anasikia?

Sasa miguu iko majini. Tuingie.

Mnakumbuka kipindi ambacho wanajeshi wetu walikuwa wakipigana ng'ambo ya mpaka wa kaskazini. Nyumba nyingi za huku zilikuwa na mtoto kule. Mbele ya maikrofoni vita ile ilinijia kwa sauti mbili. Upande wetu ulituletea maneno yaliyopigwa pasi: operesheni imefaulu, hali imedhibitiwa, adui amelemewa. Upande wa pili haukuleta maneno, ulileta picha. Lori limeungua, kiatu kiko barabarani, mtu amelala kifudifudi. Kila upande ulikuwa unapigania kitu kimoja, nacho ni moyo wa mtu aliyeketi jikoni Mbololo akisubiri maji yachemke. Mmoja alitaka asiogope hata kidogo. Mwingine alitaka aogope mpaka amchukie jirani yake.

Asubuhi moja picha ya lori lililoungua iliingia kwenye simu za Voi. Hapakuwa na sura ya mtu wala jina. Walioituma waliandika tu kwamba wote waliokuwemo wameuawa. Lakini pembeni ya lori, mchangani, kulikuwa na kiondo cha mkonge.

Nyinyi mmekulia na vyondo hivi, mnajua. Mgeni akiviona sokoni huona vyondo tu. Mwanamke msusi wa huku akikitazama kiondo anakusomea ni mkono wa nani. Kile cha pichani kilikuwa na mistari ya kupindapinda ya rangi ya damu ya mzee, na chini ya ukingo uzi mweusi uliorudiwa. Akina mama wa kikundi cha wasusi wa Mbololo hawakuhitaji hata kuikuza picha. Kilikuwa mkono wa mwenzao Mama Mwakio. Alimsukia mwanawe Mwakio, dereva wa jeshi, abebee njugu na chai ya njiani.

Wale mama ni watu wema, na nataka mlielewe hili vizuri. Walifanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya. Waliandika chini ya picha: "Pole sana mwenzetu Mama Mwakio wa Mbololo, hiki ni kiondo chako, Mungu akutie nguvu." Mwingine akaongeza shule aliyosoma kijana. Mwingine kanisa lao. Mwingine akaandika, "Tunangoja Mzee Barasa atusomee mipango ya mazishi." Walioipiga picha ile hawakujua lolote kuhusu Mwakio. Sisi ndio tuliowaambia, kwa huruma zetu, na machozi juu.

Jina Mwakio, bila shaka, nimelitunga mimi. Msilitafute.

Kufika mchana turubai lilikuwa limesimama kwa Mama Mwakio na masufuria ya chai yako motoni. Mjini, jirani yetu Abdi, ambaye watu wa kwao ni wa kaskazini na aliyetuuzia vitambaa vya sare za shule kwa miaka mingi, alifunga duka kukiwa bado kweupe. Nilimuuliza kulikoni, akaniambia, "Mzee, wateja wangu leo wananitazama mkono, wanatafuta nimeshika nini." Vijana waliocheza mpira na wanawe walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, wanalitazama duka. Niliogopa. Picha ile haikutumwa ili tulie. Ilitumwa ili tutazamane vile, na ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

Siku iliyofuata, kabla ya matangazo ya saa saba mchana, gari lilisimama nje ya studio. Akashuka bwana mmoja mwenye shati safi. Alijitambulisha kwamba anatoka mawasiliano, hakusema mawasiliano ya wapi, na Fredi hakuthubutu kuuliza. Alitupa karatasi. Ilisema kwamba picha ni uongo wa adui, kwamba hakuna aliyepoteza maisha, na kwamba dereva Mwakio wa Mbololo, anayezungumziwa mitandaoni, yuko hai na salama.

"Isomwe saa saba," alisema. "Watu wamevunjika moyo. Wanataka kusikia jina la mtoto wao."

Nilimwambia sheria yetu ya pande mbili. Akatabasamu kama mtu anayesikia hadithi ya sungura.

"Mzee, hii si habari ya kuuza mbuzi. Mimi nitakuwa kwenye gari, nasikiliza."

Fredi alinivuta kando. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Mzee Barasa, please, soma tu. Hii ni habari poa, si ni kusema msee ako hai? Nani atakasirika? Tukikataa hawa watatufungia, na mimi nina mtoto mdogo."

Sikumlaumu, na sasa simlaumu. Hata mimi nilikuwa nimeshaichukua ile karatasi, nimeanza kuipitia kwa midomo, nikitafuta pa kupumulia.

Ndipo Mama Mwakio alipoingia.

Mfiwa hatoki kwenye mkeka wake. Mama aliyefiwa na mtoto hutembelewa, hatembei. Kwa hiyo nilipomwona mlangoni, kitenge kichwani, viatu vimejaa vumbi, nilijua kuna jambo lililo zaidi ya kifo. Alisema amewaambia wageni anakuja kuchukua dawa ya presha. Akaniomba tuongee mahali pasipo na masikio. Nilimwingiza studioni, nikafunga mlango, tukabaki sisi na trei za mayai.

"Baba Barasa," alisema, "Mwakio amenipigia."

Nilikaa.

"Asubuhi. Kwa namba siijui, simu ya watu wa lori la mizigo. Aliruka kutoka kwenye lori la jeshi, akavua nguo za kazi, hao watu wakampa shati na kikoi. Anajifanya ni utingo wao. Sasa wamezuiliwa kwa mji mdogo huko, madereva na matingo wote, wanaulizwa ulizwa. Wale watu wanatafuta kama kuna mwanajeshi kati yao." Akasogea karibu nami. "Amesema hivi: Mama, lia. Usiache kulia. Acheni nife kwanza. Akitokea mtu akasema niko hai, watanitafuta mpaka wanipate."

Nilimuuliza kama jeshini wanajua.

"Amesema wakubwa wake wanajua, na wamenyamaza. Lakini hapo mlangoni nimemsikia Fredi: kuna mtu wa gari amekuja kwenu na habari kwamba mtoto wangu ni mzima. Huyo hajui. Atamuua mtoto wangu na habari njema."

Wenye kujua walikuwa hawasemi, na wenye kusema walikuwa hawajui. Vijana, hiyo ndiyo vita yote kwa upande wetu sisi wa maikrofoni. Niliitazama ile karatasi. Neno kubwa juu ya Mwakio lilikuwa kweli. Alikuwa hai. Na lile neno la kweli, nikilitoa mdomoni mwangu, lingesafiri kwenye mtandao wa Fredi mpaka kwenye ule mji mdogo kabla sijamaliza kukunja karatasi.

"Basi sitaisoma," nilimwambia.

Aliniangalia kwa macho mekundu. "Usiposoma kitu watajiuliza. Watu wote wanaandika huko: ngoja tusikie Barasa. Huyo anayeuliza maswali si anaona pia?" Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa. "Baba yake mdogo yuko njiani anakuja. Na kaka yangu ametoka Chala alfajiri. Wanaleta tangazo."

Kuumeni na kukeni. Sheria ya Mwalimu Jumaa ilikuwa inatimia yenyewe, kwa miguu yake. Na wale wawili hawakujua kitu. Mama hakuwa ameambia mtu mwingine yeyote. Walikuwa wanakuja kumlilia kijana wao kwa moyo safi, na mimi peke yangu, mtu wa kusoma, ndiye ningejua kwamba ninachosoma si kweli.

Nilimwambia, "Mama Mwakio, mimi sijawahi kusoma uongo nikiujua."

Akanijibu, "Na mimi sijawahi kumlilia mtoto aliye hai."

Walifika. Baba mdogo alikuwa na kofia mkononi, anaisokota. Mjomba wa Chala, mtu mkubwa wa mashamba, alijaribu kuniambia jina la marehemu akashindwa, akaegemea ukuta bega likazivunja trei mbili. Mama Mwakio akawakumbatia na akalia, na siwezi kuwaambia kama kilio kile kilikuwa cha kuigiza. Nadhani hata yeye hakujua. Fredi alitazama kupitia kioo, akaonyesha saa yake, kisha akaonyesha dirisha, kule gari lilikosimama.

Niliwatoa wote upande wa pili wa kioo, nikakaa mbele ya maikrofoni na karatasi mbili. Ya kulia, ya bwana wa mawasiliano, ilikuwa na ukweli. Ya kushoto, yenye alama za vidole vya mkulima, ilikuwa na uongo ambao hakuna aliyeukusudia. Taa nyekundu ikawaka. Nawaambia nilivyohisi: niliogopa gari la nje, niliogopa ule mji ambao sijawahi kuuona, na niliogopa Mwalimu Jumaa kaburini. 

Nikavuta ya kushoto.

"Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha kijana Mwakio, mwana wa marehemu mzee wetu wa Mbololo na Mama Mwakio. Ndugu na jamaa wanakutana nyumbani kwao kwa mipango. Habari ziwafikie wajomba walioko Chala na Mata, na marafiki popote walipo."

Nilisoma polepole. Marehemu hana haraka. Nilipofika "popote walipo" sauti ilinikatika, na watu waliniambia baadaye kwamba hapo ndipo Voi nzima ilipolia. Kisha nikasoma bei ya nyanya, kwa sababu ndiyo ilifuata, nikaongeza utani wangu wa kila siku kwamba nyanya za Taveta zimeanza kuringa kama maharusi. Mdomo ulijiendea wenyewe. Karatasi ya kulia sikuigusa.

Yule bwana aliingia kabla wimbo haujaisha. Nilisimama nikiwa tayari kwa lolote. Alifunga mlango, akanitazama mimi, akamtazama Mama Mwakio kupitia kioo jinsi alivyowashikilia wale wanaume wawili, akanirudia mimi.

"Mzee, unajua kitu ambacho mimi sijui?"

"Najua familia imeleta tangazo," nilisema. "Pande zote mbili."

Akaichukua karatasi yake mezani, akaikunja ndogo ndogo mpaka ikaingia kwenye mfuko wa shati, akatoka. Sijamwona tena. Kwa muda mrefu kila gari lililopunguza mwendo karibu na nyumba yangu lilinifanya niache kijiko kwenye sahani.

Walimwombolezea Mwakio. Wimbo uliimbwa, sadaka ilitolewa, na kwa kuwa hapakuwa na mwili walisema watazika nguo zake utakapotimia muda. Mimi nilienda matangani, nikakaa kwenye viti vya plastiki pamoja na watu walionipongeza kwa kusoma vizuri. Nilimkwepa Mama Mwakio macho. Mjomba wa Chala alikonda. Kila nilipomwona nilitaka kumnong'oneza sikioni, na kila mara niliuma ulimi. Hakuna kitu kilichonitisha zaidi katika maisha yangu kuliko kuona jinsi watu wanavyoniamini.

Kisha, siku moja mvua zikiwa zimeanza, kijana mmoja mwembamba mwenye ndevu alikuja studioni akaomba kuketi. Hakusema jina. Nilimjua kwa macho ya mama yake.

Ameniruhusu niwasimulie machache. Pale walipozuiliwa palikuwa na mtu mmoja wa kuuliza maswali, aliyewahi kuishi Kenya, Kiswahili chake kitamu kama cha mwalimu. Alikuwa na simu. Alikuwa ameziona salamu zote za pole, kiondo, jina, Mbololo. Hakupiga mtu. Alikuwa akipita nyuma ya madereva na matingo wakila, kisha anaita ghafla, "Mwakio!" aone ni nani atageuka.

"Nilijifunza kutafuna, Mzee," kijana aliniambia. "Nikisikia jina langu, natafuna."

Na mchana ule wa tangazo mtu yule alifungua redio yetu kwenye simu, akaiweka sauti ya juu katikati ya uwanja. Mwakio alisikia kifo chake kikitoka mdomoni mwangu, akasikia jina la mama yake, wajomba zake, na alikuwa ameshika tonge la ugali mkononi, na yule mtu alikuwa akiwatazama wote nyuso. Akatafuna. Tangazo lilipoisha yule mtu alisema, "Basi, huyo amekwisha." Akaacha redio iendelee. Nilipofika kwenye nyanya zinazoringa kama maharusi, alicheka.

"Alicheka sana," Mwakio alisema. "Akatuambia, huyu mzee wao anachekesha."

Baada ya hapo waliachiliwa mmoja mmoja, na malori yao.

Mnaweza kufikiria furaha ya Mbololo. Mjomba wa Chala alimbeba Mwakio mgongoni, mtu mzima yule. Mama Mwakio aliniletea kiondo kipya, na nilipokigeuza nikaona hakina mistari wala uzi mweusi, ni mkonge mtupu. Nilimuuliza nakshi yake iko wapi. Akasema hasuki tena nakshi. Mpaka leo mkikuta sokoni kiondo kisicho na chochote, kimekazwa vizuri lakini hakisemi ni cha nani, huenda ni mkono wake.

Redioni mambo hayakurudi yalivyokuwa. Nikisoma kifo, simu zinaita: "Mzee, huyu amekufa kweli ama ni kama yule?" Walikuwa wanacheka, lakini walikuwa wanauliza. Wakati mwingine mazishi yalipata watu wachache kwa sababu wengine walingoja kwanza waone. Sheria ya pande mbili ilibaki ukutani, karibu na pengo la trei mbili zilizovunjika. Kama siku ile ingerudi ningevuta karatasi ile ile, kwa hofu ile ile. Siwapi hilo kama somo. Nawaambia tu kwamba sauti niliyorithi kwa Mwalimu Jumaa niliitumia siku moja, na haikurudi nzima.

Mlitaka ufundi. Ufundi wangu ni huu: habari ikija, msiangalie kwanza kama ni kweli, kwa maana hata kweli inaweza kutumwa na mtu mwenye kisu. Angalieni imekuja kwa miguu ya nani, na ina haraka ya kwenda wapi. Mkitaka kuandika pole, nendeni nyumbani kwa mfiwa mkakae naye kwenye mkeka. Pole ya mkeka haivuki mpaka.

Wengi wenu mmewahi kuniuliza kwa nini niliacha kazi ghafla, katikati ya kipindi, wakati sauti ilikuwa bado ipo. Nimekuwa nikiwajibu kwamba ni kifua. Si kifua.

Ilikuwa kipindi cha salamu, mchana wa kawaida. Ujumbe ulikuwa unaingia kwenye simu ya studio, nami nausoma mmoja baada ya mwingine, wa Mata anamsalimia wa Voi, wa Uarabuni anamsalimia mama. Nikafungua uliofuata. Namba yake haikuwa ya Kenya wala ya Uarabuni, ilikuwa ya ng'ambo ya mpaka wa kaskazini. Nilikuwa nimeshaanza kuusoma kwa sauti, "Salamu kwa Mzee Barasa," macho yakatangulia mbele ya mdomo, na mdomo ukasimama.

"Nimesikia kijana wenu amerudi," ulisema. "Siku ile ya kiondo nilikuamini."